Njia Iliyopita Kwangu

Jumapili, 10 Machi

Kitabu hiki nimepewa na Nelvine wangu. Tarehe zimeandikwa tayari, kazi yangu ni kujaza tu. Ameniambia, "Mama, andika mambo ya nyumba mpya mpaka siku ya koito. Nitayasoma nikiwa mzee kama wewe." Mzee kama mimi! Nimecheka, lakini nimekipokea.

Nitaandika kwa Kiswahili. Kizungu kiliniacha mlangoni darasa la saba, lakini Kiswahili nilikuwa wa kwanza shule nzima. Mwalimu alikuwa anaita darasa la pili waje wasikie nikisoma. Hayo si majigambo, ni historia.

Mimi ni Phelis, Mama Nelvine, mjane wa Isaiah, wa hapa juu ya Kaplong. Nilipoolewa hapa palikuwa chai tupu na nyumba za udongo. Sasa ni mtaa, mabati ya kila rangi, na usiku taa zinawaka mpaka nyota zinaona aibu. Lakini nyumba yangu ndiyo kubwa. Amenijengea Nelvine, daktari wa meno kule Longisa. Si wa kung'oa tu. Anayanyoosha!

Jumamosi ya kwanza ya Juni ndiyo koito. Watu wa Mathew, kijana anayetaka kumuoa, watakuja kumuomba rasmi. Na kwetu msichana hatolewi na mama peke yake. Anatolewa na kokwet, yaani majirani wote, na mzee wetu Chepyegon ndiye atakayembariki kwa maziwa. Nyumba inaweza kuwa ya dhahabu, lakini siku ya koito bila majirani ni kibanda cha kuku. Kwa hivyo ninaomba Mungu kitu kimoja msimu huu: siku hiyo nyumba ijae mpaka watu wakose pa kukaa.

Jumanne, 12 Machi

Joto. Fundi ameanza ukuta.

Jumamosi, 16 Machi

Wacha nieleze nyumba, maana bado nikiamka sijui niko wapi. Mabati ni ya maruni. Sakafu ni ya taili, inang'aa mpaka paka aliogopa kuingia, alidhani ni maji. Bomba liko jikoni, lingine bafuni, lingine nje. Lakini kitu kinachonimaliza ni dirisha la sebule. Ni pana kuliko ukuta mzima wa nyumba niliyozaliwa. Ukisimama hapo unaona chai imeteremka mpaka chemchemi, imevuka, imepanda ng'ambo mpaka ikaingia kwa mawingu. Leo asubuhi nilisimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Nikasema, Mungu, kumbe ulikuwa umeficha haya yote nyuma ya ukuta wangu wa udongo?

Nimelia kidogo. Halafu nimepiga picha.

Jumatano, 20 Machi

Fundi anavuta. Kipngetich ni kijana wa hapa hapa, nyumba ya tatu, na ukuta ameujenga vizuri, mawe yamekatwa na mashine, sawa sawa kama mikate. Lakini amemaliza pande zote akabakisha mahali pamoja huku juu, karibu na geti, na mahali pengine kule chini. Leo nimemfuata.

"Kipngetich, unalala?"

"Hapana, Mama. Nauliza tu, hapa je?"

"Hapa je nini?"

"Hapa ni njia."

Ni kweli, ilikuwa njia. Inatoka barabarani, inapita kando ya nyumba yangu, inateremka mpaka chemchemi. Watu wa juu walishukia hapo kuchota maji na kunywesha ng'ombe, na watu wa chini walipandia hapo wakiwa na vikapu vya majani ya chai. Mimi mwenyewe niliingilia hapo nikiwa bibi arusi. Imekanyagwa tangu babu ya Isaiah mpaka imezama, ukisimama ndani inakufika magotini. Lakini hiyo ni zamani. Siku hizi kila mtu ana bomba au tangi. Na nimepanda nyasi nzuri za pasipalam. Wakwe wakae kwa kiti wakinywa chai, ng'ombe wa watu wapite mbele yao wakinya?

"Jaza udongo, jenga," nikamwambia.

"Nijenge?"

"Kwani mawe yameisha?"

Akaniangalia, akaangalia mwiko wake. "Sawa, Mama. Nitaanza kesho kutwa."

Kesho kutwa! Fundi ni fundi.

Jumamosi, 23 Machi

Ukuta umekwisha! Nimeuzunguka mara mbili nikiushika kwa mkono kama ng'ombe wa kununua. Nimemtumia Nelvine picha, akapiga simu.

"Umependeza, Mama. Na watu wanapitia wapi?"

"Barabarani, kama watu wa mjini."

Nikadhani simu imekatika. "Nelvine?"

"Niko, Mama. Sawa."

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu yake! Kama chungu kipya.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Baada ya kanisa mzee Chepyegon alinitembelea. Yeye na Isaiah walitahiriwa pamoja, na hapa kwetu akikohoa tu watu wananyamaza. Nilimtandikia kiti kipya. Lakini alikunywa chai amesimama kwa veranda, kofia mkononi.

"Ingia basi, mzee. Kiti hakiumi."

"Nitaingia siku nyingine, Mama Nelvine."

"Na siku ya koito? Si utakuwa mbele?"

Akaangalia mawingu. "Mvua ikiruhusu."

Mvua na wewe ni nini, mzee, na nyumba ina paa? Lakini sikusema.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua kuanzia saa nane.

Jumamosi, 6 Aprili

Jambo la ajabu. Tangu nihamie, watu wanaopita mbele ya geti langu wameongezeka. Zamani barabara hii ilikuwa ya mbwa na pikipiki. Sasa asubuhi utaona akina mama na mitungi, wazee na ng'ombe, wasichana na vikapu vya majani, wote wanapita polepole, wananisalimia, "Chamgei, Mama Nelvine!" na macho yako ndani. Wanakuja kutazama nyumba. Sasa nawasha taa za veranda mapema ili waone vizuri. Mtu akipewa baraka asiifunike na sufuria.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Wamepita wengi, hata na tope.

Jumapili, 14 Aprili

Kogo Esnah amepita leo. Huyu ni nyanya wa sisi sote, nyumba yake ndogo iko chini kabisa ya ukuta wangu, jiko lake ni kama hatua chache kutoka kwa mawe. Alikuwa anatoka kanisani, viatu mkononi, miguu nyekundu kwa udongo mpaka magotini. Nikamwambia, "Kogo, umekuja kuona nyumba?" Akashika vyuma vya geti, akavuta pumzi, akacheka na lile jino lake moja.

"Nimeiona, mwanangu. Naiona kila siku. Ni kubwa kweli. Mungu aijaze."

Nilimpa sukari. Alinitemea baraka mkononi kama zamani. Lakini naye sikufanikiwa kumuingiza. Alisema miguu yake ni michafu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeanza kualika watu wa koito. Nyumba kwa nyumba, mwavuli mkononi, leso mpya. Kila mahali nimepewa kiti, kila mahali nimepewa mursik, maziwa ya kibuyu, mazito, yenye mkaa wake. Na kila mahali jibu ni moja: "Tutaona mvua." Kwa mama Kipngetich, tutaona mvua. Kwa mwenye kinu, tutaona mvua. Nimerudi na tumbo limejaa maziwa na moyo hauna kitu.

Jumatatu, 22 Aprili

Bomba limetoa maji mekundu kama chai ya rangi. Mimi nina tangi la paa. Sijui wengine.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimejua, na sina raha.

Nilienda Sotik kununua vikombe kwa Nyathira. Nyathira ni jirani yangu hapa mtaani, watu wao walitoka Murang'a zamani, ana duka la vyombo na mdomo usio na kufuli. Nilikuwa namwambia jinsi watu wanavyokuja kutazama nyumba, akaweka vikombe chini.

"Mama Nelvine, nikuambie ama nikuuzie tu vikombe?"

"Niambie."

"Hawatazami nyumba. Wanazunguka."

"Wanazunguka nini?"

"Ukuta wako! Ai! Umefunga njia ya chemchemi, wewe unadhani wanapitia wapi? Wanateremkia kule kwenye kona ya zahanati, halafu wanarudi nyuma. Ile kogo ya chini, Jumapili inatoka kwake kabla jua halijatoka, ndio ifike kanisani na wengine. Na wewe unawawashia taa!"

Nikamuuliza, "Kwa nini hakuna mtu ameniambia?"

"Mimi nimekuambia."

"Wewe si wa hapa."

"Ndio maana nimekuambia," akasema, akaanza kufunga vikombe kwa gazeti. "Watu wenu wana adabu. Sisi hatuna wakati."

Jumapili, 28 Aprili

Sikuenda kanisani. Nimekaa kwa dirisha. Wamepita mmoja mmoja, wanainua mkono, "Chamgei, Mama Nelvine." Hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Ningetukanwa ningejua la kufanya. Mimi kwa kutukanana sijashindwa tangu nizaliwe.

Jumatano, 1 Mei

Nimeamua. Wakija kuomba, nitafungua. Mtu mmoja tu aje aseme, "Mama Nelvine, tunaomba njia," nitaita fundi siku hiyo hiyo. Mimi si mtu mbaya. Lakini nitabomoaje ukuta mzuri hivi bila hata kuombwa? Watasema nimeogopa.

Ijumaa, 3 Mei

Hakuna aliyekuja. Mvua.

Jumapili, 5 Mei

Chepyegon amekunywa chai kwa veranda. Nikamtega: "Mzee, hakuna kitu watu wanataka kuniambia?" Akasema chai ina sukari nzuri. Nikamuuliza tena kuhusu kumbariki Nelvine. Alishika kofia yake akaizungusha, akaizungusha. "Huyo mtoto nilimbeba," akasema. "Nataka sana." Halafu akaondoka. Alisema nataka. Hakusema nitakuja.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Maji yamejaa nje ya ukuta wa juu, kando ya geti. Hayakuwa yanakaa hapo zamani.

Alhamisi, 9 Mei

Nelvine kwa simu: "Mama, mama ya Mathew anauliza watu wenu watakuwa wangapi." Nikamwambia, "Mwambie alete sufuria kubwa." Nimemdanganya mtoto wangu. Hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo.

Jumapili, 12 Mei

Nitaandika yote ya jana.

Mchana ulikuwa kimya vibaya. Ndege walinyamaza. Ng'ambo ya chemchemi wingu lilikuwa limekaa kwenye chai, jeusi na kijani kibichi ndani yake, kama jeraha. Nikatoa nguo kwa kamba. Kabla sijaingia ndani likaja jiwe moja la barafu, likaruka kwenye taili ya veranda, tak. Halafu la pili. Halafu nikaona ng'ambo nzima imekuwa nyeupe na ule weupe unatembea kuja.

Nimezaliwa kwa mvua ya mawe, lakini hiyo sijaiona. Ilikuwa kama magunia ya mahindi yote ya dunia yanamwagwa juu ya mabati kwa wakati mmoja. Niliita jina la Yesu na sikujisikia. Chai yote ninayoiona kwa dirisha ililala. Majani yalikuwa yanaruka juu kama nzige, yakabaki matawi matupu. Uwanja ukawa mweupe, nasi tuko katikati ya mchana. Nilipiga magoti hapo hapo dirishani, na nitasema ukweli, sikuwa ninaomba. Nilikuwa ninatazama. Niliona jinsi nyumba yangu kubwa ilivyo ndogo. Mungu angetaka, angeichukua kama mtu anavyookota kifungo.

Mawe yakaisha, yakaja maji. Yale maji yaliyokuwa yamekaa nje ya ukuta wa juu muda huo wote yalikuwa yanachimba bila sisi kujua. Pale fundi alipojaza udongo njiani udongo ulikuwa bado laini, yakapita chini ya mawe, yakatokea upande wangu. Na nikaona kwa macho yangu mawili: hayakusambaa. Yaliingia kwenye njia. Pasipalam yote ikachanika, ile njia ikajichora upya, imepinda kidogo kwenye mti wa parachichi, ikanyooka kando ya nyumba, vile vile kama nilivyoipita na Isaiah. Maji yaliijua.

Yakafika ukuta wa chini, yakakwama. Yakaanza kupanda kurudi kwangu, mekundu, na barafu inaelea juu. Yakameza ngazi ya kwanza ya veranda. Yakameza ya pili. Yakaingia sebuleni chini ya mlango taratibu kabisa, kama mgeni anayevua viatu.

Nikatoka kwa veranda nikapiga kelele. Hapo ndipo nilipowaona. Kwa kuwa kule chini mteremko ni mkali, ukisimama kwa veranda unaona juu ya ukuta. Walikuwa wote huko nje. Kipngetich, mwenye kinu, akina mama niliowaalika, Nyathira na gunia kichwani na majembe ya dukani kwake, mzee Chepyegon miguu mitupu. Walikuwa wamemtoa Kogo Esnah kwake, wamembeba kwa kiti, na vyombo vyake wameviweka mbali. Walikuwa wamechimba mtaro kufuata ile njia ya zamani, kupita kando ya jiko lake mpaka chini. Na mawe ya ukuta wangu yalikuwa yameanza kutoa jasho, maji yanachuruzika kwenye saruji. Ukianguka wenyewe utaanguka unapotaka, na chini yake ni nyumba ya Kogo.

Wamesimama na majembe na nyundo. Hakuna anayegusa jiwe.

"Mbona mmesimama?" nikapiga kelele.

Chepyegon akaweka mkono mdomoni ili nisikie. "Tunakungoja."

"Mnaningojea nini?"

"Ni ukuta wako, Mama Nelvine."

Niliutazama ule ukuta. Mungu anisamehe, kwa muda mfupi, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yangu, niliutazama nikaona jinsi ulivyo mzuri. Halafu nikamtazama Kogo Esnah juu ya kiti chake, amefunikwa na mfuko wa mbolea, ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja kama mtu anavyongoja mtoto amalize kutamka neno gumu.

"Vunjeni!"

"Sema tena, maji yanapiga kelele!"

"Vunjeni! Pale pa njia! Kipngetich, vunja!"

Yeye ndiye aliyeujenga na yeye ndiye aliyepiga wa kwanza. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi hivyo. Hakuna aliyeamrisha mwingine. Jiwe la katikati likatoka, maji yakalisukuma, mengine yakafuata, na wote wakaruka kando kwa pamoja kama watu wanaocheza. Maji yakatoka na sauti ya ng'ombe akiteremsha maziwa, lakini ng'ombe mkubwa kama kilima. Yakaingia mtaroni, yakapita jiko la Kogo karibu kabisa bila kuligusa, yakaenda zake chemchemi.

Halafu wakaingia. Kwa hapo palipovunjika, kwa njia yao, mmoja mmoja, na mafagio na ndoo. Kapeti yangu mpya ilibebwa na akina mama kama maiti. Mzee Chepyegon akapanda ngazi zangu na akaingia sebuleni. Mara yake ya kwanza, na sakafu ilikuwa tope. Akakaa kwa kiti.

Nikapiga magoti mbele yake kumpa chai, na nikauliza hapo hapo. "Mzee, kwa nini hamkuniomba? Ningefungua. Nilikuwa nangoja tu mniombe."

Akavuta chai kwanza. "Njia ya maji haiombwi, Mama Nelvine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiombwa, unaweza kukataa. Ungekuwa na hasira siku hiyo, ama majivuno kidogo."

"Majivuno? Mimi?" Nyathira akakohoa kule jikoni.

"Mtu akimnyima mwenzake maji kwa mdomo wake, hilo neno halirudi. Linakaa kwa nyumba yake. Linangoja watoto. Na wewe una msichana anayeolewa." Akaweka kikombe chini. "Ukuta ni mawe, unavunjika. Kwa hivyo tulizunguka, ili usije ukasema hapana."

Muda huo wote, kwa tope, kwa mvua, na mitungi, Kogo na viatu mkononi, walikuwa wananilinda na mdomo wangu mwenyewe. Na mimi nawawashia taa watazame nyumba.

"Na koito?" nikasema. "Ungekuja?"

"Ningembariki vipi mtoto kwa maziwa mahali ambapo maji yamefungwa? Ningekuwa nasema uongo mbele ya Mungu. Nilikuwa naomba mvua iruhusu." Akatazama lile shimo la ukuta kupitia dirisha langu kubwa, na nadhani alitabasamu. "Imeruhusu."

Jumatatu, 13 Mei

Akina mama wamefua kapeti chemchemi. Chai imebaki vijiti, yangu na ya kila mtu. Itachipuka.

Jumanne, 14 Mei

Kipngetich amekuja na mawe, ameuliza, "Hapa je, Mama?" Nikamwambia hapo chini asafishe tu kingo zisikate mtu, na kule juu karibu na geti abomoe pia, mpaka njia itoke upande hadi upande. Akaanza saa hiyo hiyo. Leo hakusema kesho kutwa. Sasa najua kwa nini wakati ule alikuwa anavuta. Alikuwa ananipa nafasi.

Jumamosi, 18 Mei

Ng'ombe wa mwenye kinu amekula maua yangu. Nimemtukana ng'ombe, si mwenyewe.

Jumapili, 26 Mei

Sakafu imetakata lakini ukutani kumebaki mstari mwekundu, sawa na kifundo cha mguu. Nelvine amekuja, anataka kupaka rangi kabla ya wakwe. Nimekataa. Alinitazama sana. Halafu akatoka, akavua viatu vyake vya daktari, akateremka kwa njia mpaka chemchemi, akarudi na maji kwa mtungi wa Kogo kichwani. Hajasahau kutembea nao. Nilisimama kwa dirisha na sikupiga picha, macho yalikuwa na kazi.

Jumapili, 2 Juni

Wacha niandike kabla sijalala tena, nimechoka kwa furaha.

Jana jua lilitoka. Sijaenda kwa mtu kuuliza kama atakuja. Nimepika tu. Wakwe wakafika na magari matatu kutoka Longisa, geti likafunguliwa, wakaingia na suti zao, mama ya Mathew na kofia kama sahani. Nikawaweka sebuleni. Na kwa upande wangu viti vilikuwa vitupu, bado. Nikavipanga upya.

Halafu nikasikia sauti. Akina mama wakiimba, kutoka chini. Nikaenda dirishani, na wakwe wakasimama nyuma yangu kuona. Njia yote ilikuwa imejaa kutoka chemchemi mpaka ukutani, na kutoka juu wengine wanashuka, kokwet nzima, vibuyu vya mursik vimepambwa kwa shanga, Nyathira na chupa za chai mikono yote miwili, Kogo Esnah mbele kabisa na viatu miguuni. Viatu safi. Nimeishi hapa tangu nikiwa msichana na sikujua tuko wengi hivyo. Waliingia, wakajaza viti, wakajaza mikono ya viti, wakajaza veranda, wengine wakabaki dirishani kwa nje wakichungulia. Watu walikosa pa kukaa. Kitu kimoja nilichoomba!

Chepyegon akasimama na kibuyu. Akamnyunyizia Nelvine maziwa kifuani na mikononi, na kila aliposema baraka, nyumba nzima ikaitikia, na mabati ya maruni yakatetemeka kama siku ya mvua ya mawe. Nelvine alilia. Mathew alilia. Mimi sikulia, nilikuwa mwenye nyumba.

Wakati wa kula, mjomba wa Mathew, mtu wa kupima vitu kwa macho, akanivuta kando. "Mama, nyumba ni nzuri sana. Lakini naona ukuta umebomoka pale. Hamjapata fundi?"

Kipngetich akaacha kutafuna.

"Umebomoka wapi?" nikamuuliza.

"Pale, watu wanapopita."

"Aa, pale!" Nikainua kichwa, na sauti pia, ili hata walio nje wasikie. "Mkwe, pale hapajabomoka. Kule mlikoingilia nyinyi ni geti la magari. Pale ndipo mlango wangu wa mbele. Katika mtaa huu wote, nitajie mwingine aliye na mlango mkubwa hivyo!"

Kogo Esnah alicheka mpaka akashikwa asianguke.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua kidogo alfajiri. Wameanza kupita.